Mrenda Haupigiki Picha

Dadangu alinijibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Yeye si mtu wa sauti ndefu. Hurekodi akiwa bafuni, kwa sababu kwenye hiyo nyumba anayofanyia kazi Riyadh, bafu ndicho chumba pekee anachoweza kujifungia bila mtu kuuliza anafanya nini. Nilikuwa nimemtumia linki ya insha yangu, ya kwanza kulipwa, na nilikuwa nangoja aniambie amelia.

Insha ilimhusu yeye. Msichana wa Kangemi ameenda Saudia, na usiku mmoja anashikwa na hamu ya mrenda mpaka machozi yanamtoka. Nilimweka dirishani, nje kukiwa na jangwa. Riyadh ni jiji la mamilioni ya watu na foleni za magari kama zetu, lakini nilihitaji jangwa. Kisha nikamrudisha msomaji Kangemi, jikoni, mama akichambua majani kwa mikono yake mikavu, mvuke ukipanda, na mapenzi, nadhani niliandika hivyo kweli, mapenzi yakichemka pamoja na mboga. Watu wa Dallas na Doha waliisambaza na emoji za kulia. Mhariri aliniambia ndiyo iliyosomwa zaidi mwezi huo.

Dada alianza kwa kucheka. "Wee, mrenda niko nao hapa kwa friza," akasema. "Kilo nne. Naupika kila wiki mpaka nimeuchoka."

Kuna mengine aliyoyasema, mazito kuliko hayo, na nitayafikia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma insha za hamu ya chakula cha nyumbani, nikianza na yangu, kama mtu anayekagua risiti ya supamaketi: hii imetoka wapi, nani alilipa, mbona hapa kuna kitu hatukununua.

Unazijua hizo insha hata kama hujawahi kuzipa jina. Mwandishi yuko mbali, na huko mbali kuna baridi. Ameingia dukani akakosa kitu. Anakumbuka jiko la nyanya yake. Kuna mvuke, lazima kuwe na mvuke. Kuna neno moja la lugha ya mama linaloachwa bila maelezo ili lipendeze. Anajaribu kupika mwenyewe, hakitokei sawa, anapiga simu nyumbani aulize vipimo, na mama anamwambia atie tu kiasi. Mwisho analia juu ya sinki. Wanigeria wanaandika za jollof. Wamalesia wanaoishi ng'ambo wanaandika za nasi lemak, ambayo kwa taarifa yako ni wali wa nazi wenye dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili. Mtu wa Lamu akiiona hiyo sahani atavuta kiti tu. Sisi Wakenya tuna chapati, pilau na nyama choma.

Sisemi hamu ni ya uongo. Nimekaa na watu walioishi Ulaya miaka kumi, nikawaona wakishika ugali kwa mara ya kwanza baada ya kushuka ndege, na pale hakuna mtu anayeigiza. Shida yangu ni na kinachotokea hamu ikishaingia kwenye insha. Inaanza kuchagua. Angalia vyakula vinavyoandikiwa: karibu vyote vinapendeza kwa macho. Vina rangi, vina umbo, vinakaa vizuri kwenye sahani nyeupe.

Hata mkubwa wao alichagua. Marcel Proust, Mfaransa, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kwanza cha riwaya yake ndefu, na humo ndani mtu mzima anachovya keki kwenye chai na utoto wake wote unamrudia. Nilikisoma nusu, kama nilivyosoma digrii yangu. Wanaokijua chote wamepekua rasimu zake, na kwenye rasimu za mwanzo haikuwa keki. Ilikuwa mkate uliochomwa. Tosti. Proust aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akafika kwenye madeleine, kikeki chenye umbo la kombe la baharini. Simlaumu, ni riwaya, ana haki. Lakini hamu mashuhuri kuliko zote katika fasihi ya dunia ilivalishwa nguo nzuri kabla haijatolewa nje, na sisi tuliofuata tumeiga hizo nguo.

Mrenda hauvishiki. Nimejaribu. Wenzetu Wajaluo wanauita apoth, sisi Waluhya murere au mutere kulingana na mtu ametoka kilima gani, na kwa lugha yoyote, ukiupiga picha unafanana na kitu kilichoziba mtaro. Ni wa kijani kibichi kinachoelekea kuwa cheusi. Unang'aa mahali pasipofaa kung'aa. Ukiinua tonge unakufuata kwa uzi mrefu kutoka sahani hadi mdomoni, na usipojua kuukata, yaani kuzungusha vidole kidogo mwishoni kama unayefunga bomba, utakuchora kidevu hadi kola ya shati. Kuna mwenzangu wa chuo, mtu wa Nyeri, aliyeuonja keja kwetu akasema unashuka wenyewe kabla hujaamua kumeza. Alikuwa analalamika. Kwa mtu wa Vihiga hiyo ni sifa.

Kuupika hakuna maajabu. Unachambua majani kutoka kwa vijiti, unaosha mara mbili au tatu maana unapenda kubeba mchanga. Unachemsha maji yenye munyu, ile chumvi ya kienyeji inayochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Munyu ndio unaolainisha majani, na una ladha yake, ya moshi na ya kitu ninachoshindwa kukitaja. Ukikosa munyu unatia magadi kidogo. Majani yanaingia, mara nyingi na kunde ili kupunguza utelezi. Hufuniki, kwa sababu ukifunika unafura na kumwagika na kuzima stovu. Dakika kumi na tano hivi, umekwisha. Hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Kuna nyumba wanazotia nyanya, siwezi kuwazuia.

Hizo dakika kumi na tano ziweke akilini.

Pale soko la Kangemi, kando ya Waiyaki Way, mrenda unalala kwa mafungu karibu na kunde, sagaa, managu, mito na terere. Jioni, mabasi na matatu za kwenda Kakamega, Mbale na Bungoma husimama steji kuchukua abiria, na zile zinazotoka huko hushusha magunia, kuku kwenye makatoni, na chupa ya soda iliyojazwa munyu aliyotumiwa fundi fulani na mamake. Nimeishi hapa karibu maisha yangu yote na bado jirani akiniuliza naenda nyumbani lini, anamaanisha ushago, si chumba ninacholala. Kwa hiyo nikisoma insha inayodhani hamu ya nyumbani huanza mtu akipigwa muhuri kwenye pasipoti, nashangaa kidogo. Kangemi ni ughaibuni tayari. Kuna wazee hapa wamelilia mrenda wa kwao kilomita mia tatu na kitu kutoka kwao, wakiwa na mrenda mwingine mbele yao kwenye sahani, na malalamiko yao ni ya kitaalamu: huu umekomaa, huu umelala njiani, huu haukuguswa na munyu.

Na hata hiki tunachokiita cha mababu kina stori. Kabla ya ukoloni, ugali wa magharibi ya Kenya ulikuwa hasa wa wimbi na mtama, wa rangi ya udongo. Mahindi yalikuja Afrika Mashariki na Wareno, lakini unga mweupe ulienea na kutawala wakati wa mashamba ya walowezi, wafanyakazi walipokuwa wakipewa posho. Leo mtu wa Minnesota anaulilia ugali mweupe kama urithi wa ukoo. Ni urithi, sawa, lakini umepita kwenye ghala la mzungu.

Mrenda wenyewe ulikuwa mboga ya kuonewa haya. Shuleni ukisema mlikula mrenda, watoto wa sukuma wiki wanakucheka, na sukuma yenyewe ilikuja na wageni. Kisha mambo yakabadilika. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa walikuwa wameanza kukusanya maarifa ya hizi mboga, na mwaka 1999 kikatoka kitabu kikubwa cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya chakula cha asili ya Kenya. Mwaka 2021 UNESCO ikaingiza juhudi hizo za kuhifadhi vyakula vya asili vya Kenya kwenye orodha yake ya kazi za mfano. Siku hizi hoteli za Westlands zina kitu kinaitwa mboga kienyeji, na bei yake si ya kienyeji. Mimi niliandika insha yangu baada ya hayo yote. Nilijipongeza kwa ujasiri wa kuandikia mboga isiyopendeza, kumbe nilifika wakati tayari inapendeza.

Sasa niseme ni nani aliyefanya vizuri zaidi, kwa sababu ukosoaji wa kulalamika tu ni uvivu.

NoViolet Bulawayo, Mzimbabwe, kwenye riwaya yake ya mwaka 2013, We Need New Names, ana watoto wanaotoka mtaa wa mabanda na kwenda kuiba mapera kwenye mtaa wa matajiri. Wanayala kwa sababu wana njaa. Wanayala mpaka yanawafunga tumbo, na Bulawayo hakuonei aibu: anaonyesha watoto wamechuchumaa vichakani wakiteseka. Baadaye msichana mmoja, Darling, yuko Marekani, kwa mama yake mdogo, friji imejaa, na mapera yanamfikia kutoka nyumbani kwa mkono wa msafiri. Anayala. Harufu inamrudisha.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa bado chuo, niliona ni ile ile kawaida: tunda, harufu, nyumbani. Niliporudi baada ya sauti ya dada niliona kitu kingine. Haya mapera hayakupikwa na mama yeyote. Hakuna mapenzi yaliyochemka. Yaliibwa, tena kutoka kwa ukuta wa mtu asiyemtaka yule mtoto karibu. Darling ana hamu ya chakula alichokila kwa kukosa kingine. Hilo ni jambo gumu sana kuliandika bila kuomba msamaha, na insha nyingi za hamu haziwezi, kwa sababu ukikubali kwamba unachokililia kilikuwa alama ya shida, basi lazima ueleze ile shida, na msomaji alikuja kwa ajili ya mvuke.

Mwingine ni Binyavanga Wainaina. Nakiri simsomi kwa haki, nampenda sana. Alienda Afrika Kusini kusomea biashara, akaacha, na kabla hajashinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 alikuwa Cape Town akiandikia magazeti makala za chakula na safari. Kwa kijana aliyeacha chuo na anayeandika kwa malipo ya kuchelewa, huyo ni kama mtakatifu. Watu wanakumbuka makala yake ya 2005 kwenye Granta, ile ya kejeli kuhusu namna ya kuiandikia Afrika, lakini hawakumbuki kwamba mle ndani kuna sehemu ya chakula. Anamshauri mwandishi mgeni asitaje wali wala nyama ya ng'ombe, aandike kwamba tunakula nyoka na funza, na aonyeshe kwamba yeye mwenyewe aliweza kuvila bila kukunja uso. Mpishi ndiye aliyeandika hiyo sehemu. Alijua kwamba sahani ndiyo mahali pa haraka pa kumgeuza mtu kuwa kiumbe.

Tulicheka, tukasema mwisho umefika wa wageni kutuandikia. Halafu tukaanza kujiandikia sisi wenyewe tukiwa na kanuni nyingine, tamu zaidi. Badala ya nyoka, bibi. Badala ya funza, mvuke. Lakini mtu aliye jikoni bado haongei. Anapika tu, ananukia moshi, anasema tia kiasi.

Sasa nirudi Riyadh.

Ile kilo nne kwenye friza ni pakiti kumi za gramu 400, za majani yaliyokatwakatwa na kugandishwa, na kwa nje zimeandikwa mulukhiya. Ni mrenda. Namaanisha mmea ule ule, sio unaofanana. Wamisri wameula kwa karne nyingi, Walebanoni na Wapalestina wanaula, Waafrika Magharibi wana wao, wanaouita ewedu huko kwa Wayoruba. Khalifa al-Hakim, Mfatimi aliyetawala Cairo kuanzia 996 hadi 1021, aliupiga marufuku, na kuna Wadruzi ambao hadi leo hawauli kwa heshima ya amri yake. Nilipojua hilo nilimpigia mama. Akauliza kama huyo khalifa alikuwa Mkikuyu.

Mama mkwe wa madam wa dada ni Mmisri, na ndiye aliyemfundisha kuupika kwa namna yao. Supu ya kuku kwanza. Majani yanakatwa mpaka yanakuwa kama uji. Pembeni unakaanga kitunguu saumu na giligilani mpaka harufu ijae nyumba, kisha unavimwaga juu ya mboga, na wakati wa kumwaga mpishi lazima avute pumzi kwa mshtuko, haaah, kama mtu aliyemwona nyoka. Bila huo mshtuko, wanasema, mulukhiya haiwi tamu. Dada anashtuka kila Jumanne. Kwenye sauti aliigiza, na bafu ikarudisha mwangwi, na nikacheka peke yangu kwenye matatu.

Mkosoaji mwingine angefurahi hapa. Tazama, angesema, dunia ni moja, mboga ya Vihiga na mboga ya Cairo ni ndugu, hamu imekutana na dawa yake. Mimi mwenyewe nilishaanza kuiandika kichwani hiyo insha ya pili. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari.

Halafu ikafika dakika ya tatu.

Nitaandika alichosema nikipunguza matusi. Alisema stori yangu ni tamu, ila aliyekuwa anapika ni yeye. Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumba ng'ambo ya barabara, Loresho. Alikuwa anapikia familia nyingine chakula cha jioni, anaosha vyombo, na anarudi saa mbili usiku miguu ikiwa imevimba. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi mitano. Alitoka shule, akachota maji, akanunua mrenda wa bei ya jioni uliokwisha kunyauka, akawasha stovu. "Tulikula mrenda kwa sababu unaiva haraka," akasema. "Mafuta taa ilikuwa bei. Maharagwe ingetumaliza." Dakika kumi na tano. Halafu akasema: "Ile mikono umeandika sio ya mama. Ni yangu."

Na baada ya kimya kidogo, maji yakisikika: "Na hapa bado ni mimi. Mrenda sina hamu nao. Nina hamu ya kula nimekaa. Mtu aniwekee sahani, nikae chini, nimalize, na nisisikie jina langu."

Nilirudia kusoma insha yangu usiku huo. Si kwamba niliamua kudanganya. Nilikaa kuandika, nikahitaji mpishi, na mkono ukaandika mama kabla sijafikiria. Aina hii ya uandishi inakuja na kiti cha mama kikiwa tayari kimepangwa, unajaza tu. Msichana wa miaka kumi na miwili haingii kwenye hicho kiti. Ukimweka hapo, mvuke unaacha kuwa kumbukumbu tamu na unaanza kuuliza maswali: huyu mtoto alifanya homuweki saa ngapi? Mama alikuwa wapi? Alikuwa kwa nani, akimpikia nani, kwa pesa ngapi? Kabla hujamaliza, insha ya chakula imekuwa insha ya Loresho na Kangemi, ya barabara moja yenye nyumba za aina mbili kila upande, na wasomaji wa Dallas hawaweki emoji kwa hiyo.

Tangu hapo nina jaribio langu la kijinga. Nikisoma chochote kuhusu chakula cha nyumbani, namtafuta aliyepika na ninauliza kama aliwahi kuketi. Nilimrudia Proust nalo. Yule bwana ana baridi, mama yake anampa chai, na anatuma mtu akalete zile keki. Anatuma nani? Ukurasa hausemi. Mtu fulani aliinuka, akaenda, akarudi na madeleine kwenye sahani, na bila miguu yake hakuna kumbukumbu, hakuna riwaya. Proust hakuwa kipofu wa mambo haya: ana mpishi, Françoise, anayezungumza na kugomba na kuwa mtu kamili kwenye kurasa nyingi. Lakini pale penyewe, kwenye hamu yenyewe, aliyeleta hana jina. Mapera ya Bulawayo yanapita jaribio kwa sababu yanaonyesha mikono yote: iliyoiba, iliyobeba kwenye ndege, inayomenya.

Kuna atakayeniambia ninaharibu raha, kwamba watu walio mbali wanahitaji kulia kidogo juu ya sinki bila kukaguliwa. Nakubali. Lia. Mimi nazungumzia kitu kinachochapishwa na kulipwa. Nililipwa kwa ile insha. Yeye ndiye aliyetuma karo yangu ya miaka miwili ya chuo kutoka kwa hayo masufuria ya mulukhiya, kabla sijaacha, na malipo yangu ya kwanza ya uandishi niliyapata kwa kumpa mtu mwingine mikono yake.

Nilimwandikia mhariri nikiomba tubadilishe sentensi tatu. Alijibu kwa upole kwamba makala ilishasambaa na kwamba, kwa maoni yake, "mama" linagusa zaidi. Hajakosea. Linagusa zaidi. Kwa hiyo nasahihisha hapa: pale nilipoandika mama akichambua majani, ni dada. Pale nilipoandika mapenzi yakichemka, ni munyu. Jangwa liondolewe.

Mama nilimsomea hili kabla ya kulituma. Alisikiliza akichambua mchele, akanyamaza, akasema kwamba Jumapili alikuwa anapika yeye, niliongeze hilo. Nimeliongeza. Jumapili alipika mama, tena na kuku ikiwa ni mwisho wa mwezi, na yeye pia alikula wa mwisho, amesimama mlangoni, akiongea na jirani.

Mkataba wa dada unaisha mwezi wa tatu. Nimekuwa nikijizoeza mrenda, nikinunua sokoni fungu la mrenda na la kunde, na munyu kutoka kwa mama mmoja anayeuweka chini ya meza kama anauza chang'aa. Mara ya kwanza nilifunika sufuria, ikamwagikia jiko lote. Mara ya tatu ilitoka vizuri, nikapiga picha, ikawa mbaya kama kawaida, nikamtumia na kumwambia ndicho atakachokikuta mezani siku akishuka.

Alijibu usiku, sauti ya sekunde tisa. Anataka chapo madondo ya kibandani, pale karibu na steji, ya kununua. Na soda baridi. Mrenda tule wenyewe.